Aliyechelewa Mlangoni

Jumapili alasiri, mapazia yakiwa yameshushwa na feni ikihamisha joto kutoka pembe hii hadi ile, watu wa nyumba ya cherehani walikaa kutazama sehemu ya mwisho ya Hawalali. Fundi alikalia kigoda chake cha kushonea, maana viti vyenye mgongo vilikuwa vimeshachukuliwa na wageni. Mdogo wake wa kike, ambaye kila mtu alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, alikuwa nyuma ya mto wa kochi. Mto wenyewe hakuukalia wala hakuuegemea. Aliushika mbele ya uso kama ngao na kuchungulia kwa jicho moja, tena jicho lenyewe alilifungua kwa kulibembeleza. Kaka yao kinyozi alikuwa ameleta filamu kwenye flashi. Mke wa kinyozi alikuwa ameleta leso mbili.

"Leso za nini, wifi?" Fundi aliuliza.

"Za kulilia. Leo si wanatuacha?"

Fundi alizitazama zile leso. Wifi yake huyo alianza kuitazama Hawalali pale ilipobaki sehemu moja tu iishe. Kabla ya hapo alikuwa akisema ni upuuzi, watu wazima kukaa kutazama maiti wakitembea. Leo alikuwa amekaa katikati ya kochi kama mfiwa mkuu, na watu wamemzunguka, mmoja anamshika bega. Fundi aliitazama Hawalali tangu enzi za televisheni ya chogo, picha ikiruka hadi uipige kofi la ubavuni. Aliitazama akishona vifungo bila kuangalia kidole, na hakuna aliyewahi kumshika bega.

Kwa asiyeijua, hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Kulikuwa na mji ambao wafu wake walikataa kulala, na msichana mwenye shoka aliyekuwa akiwatafutia pa kulala. Katika sehemu ya kwanza daktari mmoja, kabla hajaliwa, alieleza sheria ambayo haikubadilika hadi mwisho. Wafu hawaoni wala hawanusi. Wanafuata woga. Mwenye woga mkubwa kuliko wenzake ndiye wanayemwendea kwanza, na asiyeogopa wanampita kama nguzo ya umeme.

Wengine walimpenda msichana mwenye shoka. Fundi alimpenda mfu mmoja wa nyuma kabisa. Alikuwa na koti lililowahi kuwa zuri na mguu mmoja uliokuwa ukiburuta, na katika kila kundi alikuwa wa mwisho, ndiyo maana Fundi akambandika jina la Mshikamkia, kama mtoto wa mwisho darasani. Hakumfikia mtu hata mmoja. Wala hakupigwa, kwa sababu risasi ziliishia kwa waliotangulia. Picha haikuwahi kumwonyesha uso. Alionekana mgongo, au ubavu, au kivuli kikipita nyuma ya moshi. Kila sehemu mpya ilipotoka, Fundi hakuuliza kama msichana atapona. Alimtafuta Mshikamkia, na akimpata alishusha pumzi, sindano ikaendelea.

Sasa katika sehemu hii ya mwisho msichana alifungua mlango wa chuma ubavuni mwa mlima. Wafu wote waliingia, mmoja baada ya mwingine, wakajilaza humo ndani kama mashuka yaliyokunjwa. Msichana akaufunga. Muziki ukapanda. Wifi akamaliza leso ya kwanza.

"Hajaingia," Fundi akasema.

"Nani hajaingia?"

"Yule wa nyuma. Mlango umefungwa hajafika."

"Wa nyuma yupi, dada?" kinyozi aliuliza. "Wote walikuwa wa nyuma, mbele alikuwa yule binti."

"Rudisha kidogo uone."

"Sirudishi. Nina vichwa viwili vinaningoja kibandani." Akachomoa flashi, akaitia mfukoni, na Hawalali ikawa imekwisha.

Fundi alivuta mapazia. Hakujua ashike hisia ipi. Alifurahi kwamba wamepumzika, maana walikuwa wamechoka na yeye alikuwa amechoka nao. Alikasirika kwamba wamefungiwa bila hata kumuuliza. Ila lililomkera hasa lilikuwa wifi yake, aliyesimama mlangoni akifuta macho na kusema kwamba sasa ataanza upya, aone zile zote za mwanzo ambazo hajaziona. Wifi alikuwa na sufuria zima lililojaa mbele yake. Fundi alikuwa amebaki na ukoko. Alimtazama wifi akivaa viatu, na akamwonea kijicho kwa ajili ya sehemu ya kwanza, na ya pili, na hasa ya tatu.

"Wewe nawe mbona hulii?" wifi alimwuliza.

"Huyo?" Kinyozi akacheka. "Huyo hana shida. Huyo ni jiwe."

Mshikamkia alifika kesho yake mchana. Alitokea upande wa barabara ya lami, akaburuta mguu mbele ya duka la sabuni, mbele ya kibanda cha kinyozi, akaingia uchochoro wa nyumba ya cherehani. Alikuwa na rangi ya bluu kidogo, kama ilivyokuwa filamu yenyewe, na pale aliposimama palikuwa jioni. Jioni hiyo haikuwa kubwa, ilimtosha yeye na mtu mmoja wa pembeni. Mwenye duka la sabuni alimwangalia, akaangalia saa, akaendelea kupanga sabuni.

"Huyo si wa ile filamu?" alimwuliza kinyozi kwa mbali.

"Ndiye. Nadhani alichelewa."

"Maskini. Ameshakula?"

"Hawa hawali hivyo."

Fundi alikuwa akikata kitambaa cha sketi za shule. Alisikia mguu ukiburutwa na akaujua kabla hajainua kichwa, kama unavyoujua mlango wa kwenu. Aliweka mkasi chini. Akafuta mikono kwenye gauni, akasimama, akanyoosha mkono wa kulia.

"Karibu," alisema. "Karibu sana. Mimi niliwaambia hukuingia."

Mshikamkia alipita karibu yake hivi, jioni yake ikamgusa Fundi bega kisha ikaliacha, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani ya pili, ile ya mdogo wake. Kitinda alikuwa ameshapanda juu ya meza ya kupigia pasi. Alikuwa akipiga yowe, tena yowe lenyewe la kupanda ngazi, likifika juu linaanza upya. Mfu alisimama mbele ya meza, mikono yote miwili mbele, kimya, kama mtu anayengoja kupokea mtoto anayeshushwa kwenye lori. Mkono wa Fundi ulikuwa bado umenyooshwa. Aliushusha, akaokota mkasi.

"Dada! Ananitaka nini?"

"Hana la kukufanya. Hajawahi kumfikia mtu."

"Mbona amenifikia mimi?"

Fundi akarudi kwenye sketi zake, akakata.

Kitinda aliposhuka mezani, mfu alikaa sakafuni miguuni pake. Alipoogopa kelele za pikipiki, mfu alimsogelea. Sindano ilipovunjika akashtuka, mfu akainua kichwa. Kitinda alikuwa mwoga wa aina nyingi. Aliogopa radi, paka weusi, barua, watu wanaokaa kimya, na simu inayoita mara moja tu. Hakukuwa na saa ambayo mfu hakuwa na kazi. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa amejifunza kukanyaga pedeli ya cherehani kwa ule mguu mzima, Kitinda akiongoza kitambaa juu, na pale kwenye cherehani ya pili ilikuwa jioni mchana kutwa, hata Kitinda akalazimika kuwasha taa ili atunge uzi.

Wateja walizoea. Wengine walisema yule bwana ana pedeli ya utulivu, haikazi wala hailegei. Walimpita Fundi mlangoni wakaenda kumsalimia Kitinda na kumuuliza anajisikiaje, kama analala, kama hapati mshtuko. Kitinda alijibu kwa sauti ndogo, na wao wakamletea matunda.

Fundi alijikaza kisabuni. Lakini wivu ni mpangaji asiyelala. Ukimfungia chumbani anatokea jikoni. Fundi alianza kukata vitambaa kwa kelele. Alianza kuficha ule mto wa Kitinda, leo juu ya kabati, kesho chini ya ndoo, ili mdogo wake akose pa kujifichia azoee kutoogopa. Na Kitinda, kwa kukosa mto, alikuwa akijificha begani kwa mfu. Basi Fundi akaurudisha mto mahali pake, tena akaukung'uta vumbi.

Lililomchoma zaidi lilikuwa vitendawili. Siku mama yao alipofariki, Kitinda alilia mtaa mzima ukamsikia, akapokezanwa mapajani mwa watu kama kikombe cha maji. Fundi naye alikuwa mtoto, tena hakumzidi kwa mengi. Hakulia. Si kwamba alikataa, alikuwa akingoja zamu yake. Shangazi akamwangalia pale alipokaa ametulia, akasema, "Afadhali huyu mkubwa, huyu hana shida," akampa birika awachemshie watu chai. Tangu hapo, kila Kitinda aliposhtuka usingizini, Fundi alimtungia kitendawili ili akili yake ipate pa kwenda. Alivitunga mwenyewe, vingi, na kwa miaka yote hiyo hakumtegea mtu mwingine.

Sasa alivisikia vikitoka kwenye cherehani ya pili.

"Kitendawili!" Kitinda alisema.

Mfu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu isipokuwa upepo mdogo wenye harufu ya moshi.

"Anasema tega," Kitinda akamweleza dada yake, kisha akamgeukia mfu. "Nina jicho moja na sioni jua. Ninapopita, njia inanifuata nyuma."

Mfu aliwaza. Aliwaza hadi sketi moja ikaisha. Halafu akanyoosha kidole taratibu hadi kwenye sindano yenye uzi.

"Amepata! Dada, umeona? Amepata!"

"Nimeona."

"Hata mimi hicho kilinisumbua."

"Kilikusumbua kwa sababu ulikuwa unalia," Fundi alisema. "Kitendawili."

"Tega, dada."

"Kila mtu anajua nipo, na hakuna anayekuja kuniangalia."

Kitinda alifikiri, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. "Msingi wa nyumba?"

"Siyo."

"Mzizi?"

"Siyo."

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Ule wa Hawalali."

"Ule umeshafungwa. Nipe mwingine."

"Sina mwingine mimi," Kitinda akacheka, na akamgeukia mfu amweleze kilichochekesha. Fundi alikaa na jibu lake, akalishonea ndani ya pindo la sketi.

Shangazi alikuja kukagua. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, na hakuna mwanamume aliyeingia ukoo ule bila kupita mbele ya miwani hiyo. Alivuta kiti ndani ya ile jioni, akamkazia mfu macho.

"Ana kazi?"

"Alikuwa nayo, shangazi," kinyozi alijibu. "Imekwisha juzijuzi."

"Anakunywa?"

"Hapana."

"Anapiga?"

"Hapigi. Wenzake walikuwa wakiuma, lakini huyu hakuwahi kumfikia mtu."

"Anaondoka jioni akarudi alfajiri?"

"Haondoki kabisa."

"Ndugu zake?"

"Wamelala wote."

Shangazi alivua miwani akaifuta. "Nimeona wazima walio na sifa mbaya kuliko hizo. Mimi mwenyewe niliolewa na mmoja." Akamgeukia Kitinda. "Na wewe, mwanangu, unamwogopa bado?"

Kitinda aliuma kucha. "Simwogopi tena yeye. Sasa naogopa asije akaondoka."

Mfu, aliposikia hilo, au alipolihisi, alimsogelea akaweka kichwa kwenye goti lake. Kinyozi akakohoa, akaanza kumwita shemeji siku ile ile. Shangazi akasema si heshima mtu kukaa na mabinti wawili chini ya paa moja bila jina, kwa hiyo itafutwe siku ya harusi, na Kitinda na bwana wake wahamie chumba cha nyuma ya kibanda cha kinyozi, kinachopata kivuli. Koti la bwana lilikuwa halifai hata kwa kudekia. Koti jipya litashonwa na mkubwa.

"Utaweza?" kinyozi aliuliza.

"Huyu?" Shangazi alisema. "Huyu hana shida."

Fundi alipiga moyo konde, akaamua kujifunza kuogopa. Alimfuata mdogo wake uani, Kitinda akianika nguo na mfu akimshikia kikapu cha vibanio.

"Hebu niambie, unaogopaje?"

"Kuogopa hakuna namna, dada. Unaogopa tu."

"Kunaanzia wapi?"

Kitinda alifikiri. Hakuwa amewahi kuulizwa jambo na dada yake ambalo dada yake halijui, na alitaka kulijibu vizuri. "Tumboni. Kama umeweka sahani ya bati hapa, ya baridi. Halafu inapanda. Halafu magoti yanakuwa ya mtu mwingine."

"Halafu?"

"Halafu unapiga kelele, watu wanakuja."

"Wanakuja kweli?"

"Si huwa unakuja wewe?"

Fundi aliingia chumbani mwake, akafunga mlango. Aliwaza nyoka. Tumbo likakaa kimya. Aliwaza radi, akakumbuka kwamba kuna nguo za kuanua. Aliwaza kifo, akaona kwamba suti ambayo mzee wa duka la sabuni ameagiza azikwe nayo bado inadai bitana. Mwisho akaamua kuanzia mwisho. Alivuta pumzi, akapiga yowe.

Upande wa pili wa ukuta mwenye duka la sabuni aliinua sauti. "Fundi, umejichoma?"

"Hapana."

"Haya."

Alichungulia dirishani. Kule uani mfu alikuwa bado ameshika kikapu cha vibanio, mgongo wake ukiwa upande wa nyumba. Hakugeuka hata sikio. Woga wa kuigiza kwake ulikuwa kama chakula cha kuchora.

Siku ya kujaribisha koti ilikuwa Ijumaa, mchana. Kitinda alikwenda kuoga. Shangazi alikaa barazani akijipepea usoni kwa pepeo la ukili, kinyozi na mkewe wakimsaidia kupanga nani atakaa wapi. Fundi alimsimamisha mfu katikati ya chumba, juu ya gazeti, akamvisha koti jipya lililopigwa bandi kwa uzi mweupe.

Alikuwa hajawahi kuwa naye peke yake. Alizunguka na futi. Alipima bega hadi bega. Alipima mgongo, ambao aliujua kuliko mtu yeyote duniani. Jioni ya mfu ilimfunika yeye pia, na kwa mara ya kwanza alihisi ilivyokuwa ndani yake, palikuwa na ubaridi mzuri na sauti ya mbali ya muziki wa mwisho wa filamu.

"Sehemu ya tatu," alimwambia kwa sauti ya chini, pini zikiwa mdomoni, "pale sokoni, gari lilipopinduka. Wenzako walikimbilia mbele. Wewe mkono wako wa kushoto ulinasa kwenye msumari, ukasimama unauvuta. Nilikuona. Watu wote walikuwa wanamwangalia yule binti na shoka lake."

Mfu alikuwa ameelekea mlango wa bafuni, kule maji yalikokuwa yakimwagika.

"Sehemu ya tano ulianguka mtoni. Nilidhani basi. Sikumaliza kola niliyokuwa nashona. Ukatokea dakika ya mwisho nyuma kabisa, unachuruzika maji. Hakuna aliyekushangilia. Mimi nilishangilia, ila moyoni, maana watu walikuwa wamelala."

Akatia pini kwenye mkono wa kulia. Mfu hakugeuka.

"Ungeweza hata kunisalimia," Fundi alisema.

Aliinama apime urefu wa koti, na akiwa pale chini akaiona cherehani ya pili. Kitinda alikuwa ameshaifunika kwa kitambaa, tayari kwa kuhamishwa Jumapili. Fundi aliiangalia bila kukusudia lolote. Akawaza Jumatatu. Ataamka, atafungua mlango, atakalia kigoda. Atamtegea nani kitendawili? Jioni ataweka maji ya mtu mmoja. Hata ile televisheni, akiiwasha, hakuna nyuma ya kumtafuta mtu. Na usiku mtu akishtuka katika nyumba hii, atakuwa ni yeye. Na hakuna anayejua kwamba huwa anashtuka, kwa sababu hajawahi kumwambia mtu, na hajawahi kumwambia mtu kwa sababu hajawahi kuulizwa.

Kitu kikamgusa tumboni. Kilikuwa cha duara, cha bati, cha baridi. Kikaanza kupanda. Alishika mguu wa meza asimame, akakuta magoti si yake.

Mshikamkia aligeuka.

Aligeuka taratibu, kama alivyofanya kila kitu, mguu ukiburuta gazeti. Fundi akauona uso wake. Ulikuwa uso wa kawaida. Ulikuwa na kovu dogo kidevuni, na macho ya mtu aliyesikia akiitwa kwa mbali na hajaamini kama ni yeye. Macho hayo yalimtazama Fundi. Mfu akainua mikono yote miwili, ule wenye pini na ule usio na pini, akapiga hatua. Fundi hakurudi nyuma. Aliutoa mkasi kifuani ulikokuwa ukining'inia, akauweka mezani usije ukamdhuru. Kisha akanyoosha mkono wake.

Vidole vyao vilikuwa vimebakiza upana wa kanda ya kiunoni.

"Mjusi!" Kitinda alipiga yowe bafuni. "Mjusi! Mjusi yumo ndooni!"

Mfu akasimama. Alisimama kati ya woga wa wawili hao kama mtu aliyesimama njia panda na mzigo kichwani. Fundi alijaribu kuongeza wake. Aliusukuma kwa nguvu zote, akajua kuwa anausukuma, na kwa kule kuusukuma ukapungua. Ule wa bafuni ulikuwa haujui kama unasikilizwa, na ulikuwa ukipanda ngazi, ukifika juu unaanza upya. Macho ya mfu yaliondoka usoni kwa Fundi. Akageuka, akaburuta mguu hadi mlangoni, akatoka na koti lenye pini. Jioni ikatoka naye. Chumba kikarudi kuwa mchana, na jua likaanguka juu ya gazeti lililochanika.

"Dada!" Kitinda aliita. "Dada, njoo!" Pakawa na kishindo cha ndoo, kisha kicheko kilichochanganyika na kwikwi. "Ah, basi dada, usijisumbue. Ameshafika."

Kule barazani viti viligongana. Wifi alikuwa ameshakimbilia bafuni na taulo, akisema pole, pole mpenzi, jamani ametetemeka huyu. Kinyozi alikuwa akimsifu shemeji kwa mwendo. Shangazi hakuinuka, lakini sauti yake ilifika kila chumba.

"Wewe mkubwa! Umekaa tu humo? Leta ufagio, huyo mjusi amekimbilia huku."

Fundi alikuwa bado ameshika mguu wa meza. Ile sahani ilikuwa tumboni, haijapungua ubaridi. Alifungua mdomo apige kelele, kama alivyofundishwa, watu waje.

"Naleta, shangazi," alisema.

Akaachia meza, akachukua ufagio nyuma ya mlango, akaupeleka.